Jambiani Hadi Bwejuu, na Jozani Kabla Yake: Unguja kwa Miguu

Sisi watu wa Mji Mkongwe tukienda shamba, huwa tunaitika harusi au tunakwenda kuzika. Tunapanda gari Mjini, tunashuka mlangoni kwa jamaa, tunakula kilichopikwa, na kabla ya magharibi tumesharudi. Kisiwa chenyewe tunakiona dirishani. Nimesomesha bayolojia Mjini kwa miaka mingi, na kila darasa jipya nakuta watoto waliozaliwa Vuga, Malindi na Kikwajuni ambao hawajapata kuukanyaga msitu wa Jozani, ilhali mgeni aliyeteremka ndege jana keshautembea leo asubuhi. Makala haya nawaandikia watoto hao na wazazi wao. Unguja si kubwa, urefu wake haufiki kilomita mia, lakini ina njia za miguu zinazomtoa mtu kwenye msitu wenye maji, zikampitisha kwenye mikoko na kumfikisha kwenye mchanga mweupe wa pwani ya mashariki, yote ndani ya siku mbili. Ni urithi wetu, na mwenye urithi hapaswi kuusimuliwa na wageni.

Nianze na msitu. Jozani iko kusini mashariki ya Mji, mwendo wa kilomita 35 hivi, na daladala za 309 ya Jambiani, 310 ya Makunduchi na 324 ya Bwejuu zote hupita mlangoni pake. Eneo hili lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, hifadhi ya taifa ya kwanza Zanzibar, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi. Mwaka 2016 UNESCO ikaliingiza katika orodha yake ya hifadhi hai za dunia. Mlangoni utalipa kiingilio, na mwenyeji halipi sawa na mgeni. Utapewa mwongozaji, na mimi nakushauri umkubali hata kama unadhani njia unaijua, kwa sababu vijana wale wamezaliwa vijiji vya jirani na wanaujua msitu mti kwa mti.

Wanafunzi wangu huniuliza kila mara: mbona hapa pana msitu mnene, na maili chache mbele ni vichaka na mawe matupu? Jibu liko chini ya miguu yao. Nusu ya Unguja ya kusini na mashariki ni maweni, yaani matumbawe ya zama za kale yaliyobaki juu bahari iliposhuka. Udongo wake ni mchache, umejificha kwenye mifuko ya mawe, na mvua ikinyesha haitiririki juu, inazama. Ndiyo maana upande huo huoni mito, unaona visima na mapango. Jozani imekaa bondeni, chini kiasi kwamba maji ya ardhini yako karibu sana na uso. Masika yakikolea, maji hupanda yenyewe hadi juu ya njia, na msitu mzima husimama ndani ya maji meusi ya majani yaliyooza. Miti mikubwa imejifunza kuishi hivyo. Mitondoo hutandaza mizizi yake juujuu, ikipishana na kufungamana, mpaka ukitembea unahisi unakanyaga kamba za jahazi. Michikichi imejaa, na mikadi imesimama juu ya mizizi yake ya magongo. Mwanamke yeyote wa Mjini aliyewahi kutia kikuba atamtambua mkadi, ingawa huu wa msituni ni ndugu tu wa ule tunaouuza Darajani.

Msitu huu haukubaki hivi kwa bahati. Katika karne iliyopita ulikatwa mbao kibiashara kabla serikali haijauchukua na kuulinda, kwa hiyo mengi ya unayoyaona yameota upya. Ukitembea taratibu, jua halifiki chini ila kwa matone. Utasikia hondohondo kabla hujamwona. Paa nunga, mnyama mdogo wa rangi ya kutu aliye hatarini kutoweka duniani, yumo humu, lakini usitarajie kumkuta. Anakusikia wewe kwanza. Chui wa Unguja yeye ni habari nyengine. Wazee wetu waliamini kuwa wapo watu wanaomfuga na kumtuma, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ukafanyika msako mkubwa wa wachawi na chui wao, ukiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Chui hao wengi waliuliwa. Nilipokuwa mtoto nilipelekwa makumbusho ya Mnazi Mmoja nikamwona mmoja aliyekaushwa, na mpaka leo naamini kila mtoto wa Unguja apelekwe kumtazama, ajue kwamba mnyama wa kisiwa akimalizika haletwi mwengine kutoka popote.

Ndiyo sababu nakaa sana kwenye habari za kima punju. Huyu ni wetu peke yetu. Hapatikani Tanganyika, wala Kenya, wala mahali pengine, isipokuwa wachache waliowahi kupelekwa Pemba na kupandikizwa Ngezi. Mgongo wake mwekundu, mabega meusi, tumbo jeupe, na nywele za kichwani zimesimama kila upande. Jina lake la kisayansi limebeba jina la John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza hapa Unguja wakati wa Seyyid Barghash. Kundi linalozoea watu liko ng'ambo ya barabara, kwenye mashamba ya pembezoni, na mara nyingi utawakuta juu ya mkungu au mwembe wakila majani machanga.

Safari moja mwanafunzi mmoja alinivuta mkono. "Mwalimu, mbona yule hana dole gumba?" Kweli hana. Kima punju hushika tawi kwa vidole vinne vilivyopinda kama ndoano, na dole gumba limebaki kipele tu. Kijana aliyekuwa akituongoza, wa kijiji cha Pete, akamwambia: "Mtazame na tumbo lake, mdogo wangu. Ana tumbo la vyumba vinne, mfano wa ng'ombe. Hali embe mbivu, maana sukari itamchachia humo ndani." Majani ya mwembe na mkungu nayo yana sumu kiasi, na kima punju ameigundua dawa yake mwenyewe: hula makaa. Huenda palipochomwa mkaa, huokota kipande, hukitafuna taratibu, na makaa huivuta ile sumu tumboni. Mama humfundisha mwana kwa kuonekana tu akifanya. Watafiti wameliandika jambo hili tangu miaka ya 1990, lakini wachoma mkaa wa Jozani walikuwa wakiibiwa makaa yao zamani.

Wakulima na kima punju wamegombana sana, na ugomvi wenyewe ni vidaka. Mkulima akiona kima juu ya mnazi wake anang'oa vidaka na kuvitupa, anahesabu nazi alizopoteza, na hesabu hiyo inamuuma. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker waliifuatilia hesabu hiyo kwa makini, matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Walikuta kwamba minazi iliyoliwa vidaka na kima haikupungukiwa na mavuno. Ilielekea kuzaa nazi zaidi. Mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvikuza, na vingi huanguka wenyewe. Kima akivipunguza, vilivyobaki vinapata nguvu. Nimemweleza haya mzee mmoja wa Kitogani, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, hao waliohesabu hawakuja kuhesabu muhogo wangu." Ana haki yake. Mazao mengine yanaliwa kweli, na ndiyo maana utaratibu wa kuwarudishia wanavijiji sehemu ya mapato ya hifadhi ni jambo la lazima, si hisani. Msitu utalindwa na wanaolala karibu nao, si na sisi tunaokuja na chupa ya maji na kurudi.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2017 ilikuta kima punju zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyokuwa ikidhaniwa. Ilikuwa habari njema, lakini watafiti hao hao walionya kwamba watoto wengi hawafiki ukubwa. Basi ukiwafikia, simama mbali nao, hatua tano au sita. Usiwape chakula, usiwaguse, na ukiwa na mafua usiende kabisa, kwa kuwa maradhi yetu yanawashika. Kima akija mwenyewe upande wako, rudi nyuma. Nimewaona watu wazima wakimsogelea mama mwenye mtoto mgongoni ili wapate picha, na hilo sikubali hata kidogo.

Barabara ya lami inayopita kati ya msitu na mashamba iliwaua wengi. Gari zilipoanza kukimbia, kima waligongwa mara kwa mara, ndipo matuta yakawekwa katika miaka ya 1990, na vifo vikapungua. Dereva anayelalamikia matuta ya Jozani ajue yaliwekwa kwa ajili ya nani.

Kutoka hapo unashuka kusini kidogo mpaka Pete, kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Watu wengi hulipita kwa dakika kumi wakapiga picha na kuondoka. Mimi nakuomba ulipite mara mbili: maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa. Yakijaa, unaona miti imesimama ndani ya maji safi, na samaki wadogo wamejificha katikati ya mizizi, humo ndimo wanamokulia kabla ya kwenda baharini. Yakipwa, tope linatoka, na ndipo kazi ya mahali hapo inapoonekana. Mkoko umejitegemeza kwa mizizi iliyojipinda kutoka kwenye shina. Mchu hauna mizizi ya namna hiyo; wenyewe umechomoza vijiti vingi kutoka topeni, wima, urefu wa kalamu, na kwa vijiti hivyo ndivyo unavyopumua, maana ndani ya tope hamna hewa. Geuza jani la mchu uone chembe za chumvi unayoitoa mwilini mwake. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanalipunga, wakisikia hatua yako wote wanaingia mashimoni kwa pamoja. Mbegu za mkoko huota zikiwa bado mtini, zinaning'inia mithili ya mishumaa ya kijani, halafu huanguka na kuchoma tope, au huchukuliwa na maji mpaka pwani nyengine.

Mikoko hii na ile ya Ghuba ya Chwaka, ambayo ndiyo mingi zaidi Unguja, imekatwa sana kwa boriti, kuni, na matanuu ya chokaa. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zimeezekwa na kutandikwa dari kwa boriti za mikoko tangu zamani. Kila tunapolala tunatazama mti wa pwani. Sisemi hivyo kuwalaumu waliojenga. Nasema deni tunalo, na vijiji kama Charawe na Ukongoroni vinavyopanda mikoko upya vinatulipia.

Kati ya Pete na Paje panda gari. Ni barabara ya lami, jua kali, gari zinakwenda mbio, na hakuna faida ya kuutembea mwendo ule kwa miguu isipokuwa kwa mwenye nadhiri.

Pwani ya mashariki inataka jambo moja ambalo msitu hauulizi: ujue maji yako wapi. Mwamba umejipanga mbali na ufukwe, na kati yake ni bahari ndogo isiyo na kina. Bamvua likiwa kamili, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, kwa hiyo bahari uliyoiacha mlangoni asubuhi utaikuta mwambani baada ya saa chache. Wakati wa maji mafu hayaondoki sana, wala hayaji sana. Kwa watu tunaofuata kalenda ya Kiislamu hesabu yake ni rahisi: bamvua huja mwezi ukiandama na unapokamilika, yaani siku chache za mwanzo wa mwezi, na kuanzia tarehe 14 mpaka 17 hivi. Na hapa kwetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kiasi cha dakika 50. Mvuvi hahitaji karatasi kujua hayo, lakini mtoto wa Mjini sharti afundishwe.

Kwa hiyo mpango wangu ni huu. Chagua siku ya bamvua, kati ya Juni na Septemba, masika yamekwisha na kusi linavuma, jua halichomi sana. Lala Jambiani au ondoka Mjini alfajiri. Saa mbili asubuhi anza kutembea kutoka Jambiani kuelekea kaskazini, kupitia Paje mpaka Bwejuu, kilomita 10 hivi. Upepo wa kusi utakuwa mgongoni mwako njia nzima. Ukianzia Bwejuu utakupiga usoni pamoja na mchanga. Tembea karibu na alama ya maji, pale mchanga uliposhikana, kwani ule mkavu wa juu unachosha miguu. Vaa viatu vya mpira, usiende peku kwenye mawe, kwa ajili ya viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi wanaokaa mashimoni. Na usiende mbali kuelekea mwambani bila mwenyeji. Maji yanaporudi hayaji mbele yako kwa mstari; hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, ukaja kutanabahi uko kisiwani.

Ukitembea hivyo utaikuta pwani ikifanya kazi. Wanawake wamekwenda kuchokoa pweza, wengine wako kwenye mwani. Ukulima wa mwani wa biashara ulianza upande huu, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na tangu hapo wengi mno wa wakulima wake ni wanawake. Tazama shamba moja kwa karibu: vijiti viwili vimechomekwa mchangani, kamba imefungwa baina yake, na kwenye kamba vimeninginizwa vipande vya mwani kila baada ya kiganja. Wiki sita baadaye kipande cha kiganja kimekuwa kichaka. Unavunwa, unabebwa kichwani ukichuruzika maji ya chumvi, unaanikwa, unauzwa kwa kilo ukiwa mkavu, na uzito wake unakuwa umepungua sana. Ute unaotolewa humo huingia kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vitu vingi unavyovitumia nyumbani bila kujua. Aina yenye bei nzuri, inayoitwa kotonii, imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu bahari imepata joto, na waliobaki nayo inabidi waende maji marefu, ambako kina mama wengi hawakufunzwa kuogelea.

Bi mkubwa mmoja wa Paje alikuwa amechutama akifunga kamba zake. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia bila kuinua kichwa: "Marahaba mwanangu. Mnatoka Mjini?" Nikamwambia ndiyo, na hawa ni wanafunzi wangu. Akawatazama miguu. "Waambie wapite pembeni ya kamba. Mgeni akikanyaga simwambii kitu, hajui. Mtoto wa Unguja akikanyaga ananiuma." Watoto walipita pembeni, mmoja mmoja, wamenyamaza.

Mbele kidogo, karibu na Bwejuu, angalia malundo ya mawe kwenye mchanga unaofunikwa na maji. Si mawe ya bahati. Chini yake kumefukiwa makumbi ya nazi, yanakaa miezi mpaka yaoze na kulainika. Mwenye shimo anajua mawe yake, na hakuna anayegusa la mwenziwe. Yakiiva hufukuliwa, yakapigwa kwa gongo mpaka nyuzi ziachane, kisha kina mama hukaa kivulini kusokota kamba ya usumba kwenye paja. Kamba hizo ndizo zilizoshona vyombo vya bahari hii kabla ya misumari. Harufu ya shimo linapofunguliwa ni kali, nakiri, lakini simameni muone.

Nyuma ya Jambiani, ndani kwenye maweni, kuna pango la Kuumbi. Uliza kijijini, utapelekwa kwa njia nyembamba ya mawe. Humo wataalamu wa mambo ya kale, akiwemo Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamechimba na kukuta mabaki ya watu waliokaa hapo miaka 20,000 hivi iliyopita, pamoja na mifupa ya wanyama wakubwa, pundamilia miongoni mwao. Pundamilia Unguja! Wakati huo bahari ilikuwa chini sana, na hapa palikuwa bara. Watu na wanyama walifika kwa miguu. Kisha barafu za dunia zikayeyuka, maji yakapanda, tukawa kisiwa. Kila ninapowasimamisha wanafunzi mlangoni mwa pango lile, huwaambia waigeukie bahari na wafikirie ilikuwa wapi. Somo hilo sijaweza kulisomesha vizuri hivyo ubaoni.

Lipo linalonikera, na sitalifumba. Njia ya ufukweni inakatwa. Mwaka mmoja niliongoza kundi la wanafunzi, maji yameshaanza kujaa, tukafika mbele ya hoteli moja ambayo ukuta wake umeteremka mpaka mchangani. Mlinzi, kijana mwenye adabu zake, akasema: "Samahani Mwalimu, nimeambiwa hapa wasipite watu. Zungukeni barabarani." Kuzunguka kulikuwa mwendo wa nusu saa juani na watoto wenye kiu, kwa sababu vichochoro vya zamani vya kutoka pwani kwenda kijijini vilikuwa vimefungwa na kuta nyengine. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya serikali. Mwekezaji hukodishwa, haimiliki. Na mchanga unaofunikwa na kuachwa na maji kila siku umekuwa njia ya wavuvi, wakulima wa mwani na wasafiri kabla ya lami ya kwanza kumwagwa hapa. Isitoshe, ukuta unaojengwa ndani ya mchanga haulindi pwani. Wimbi linaupiga, linarudi na mchanga, na shamba la jirani ndilo linalolika. Tazama minazi iliyolala mizizi nje pembezoni mwa kuta hizo.

Siwapingi wawekezaji, vijana wengi niliowasomesha wanafanya kazi kwao na wanalisha familia. Nataka tu kila hoteli iache kipito, na kila sheha ajue vipito vya shehia yake viko wapi na vipana kiasi gani, viandikwe, viwekewe mawe ya mipaka kabla hatujabaki na wazee wanaovikumbuka.

Kwa asiyeweza kwenda mbali, Masingini iko karibu mno na Mji, juu ya Bububu, na watu wanaipita bila kuigeukia. Msitu ule ndio unaovuta na kutunza maji ya chemchemi zilizoleta maji ya bomba Mjini tangu enzi za Seyyid Barghash. Tembea huko asubuhi moja, ukirudi nyumbani ukifungua mfereji utajua yanatoka wapi. Kaskazini iko Kiwengwa, yenye msitu wa maweni na mapango. Na Pemba wana Ngezi yao, msitu mrefu na wa kale kuliko wetu. Kwa huo anafaa kuandika Mpemba.

Ukienda popote kati ya hapa, nenda na maji ya kutosha, mtandio au kofia, na kifuko cha kurudishia taka zako. Vaa nguo ya stara, maana unapita mbele ya nyumba za watu. Salimia. Ukipita katikati ya kijiji bila kusalimia umeshavunja adabu kabla hujauliza njia. Wakati wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani, na Ijumaa mchana panga uwe umeshafika.

Walimu wakuu wa Mjini, nawaomba jambo moja. Nauli ya daladala ya 309 na kiingilio cha mwenyeji si fedha za kuishinda kamati ya wazazi. Chukueni kalenda, tafuteni tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu itakayoangukia siku njema kati ya Juni na Septemba, andikeni barua kwa hifadhi na kwa sheha wa Jambiani, na muwatoe watoto darasani siku hiyo. Wazazi, msisubiri shule. Watoto wenu wana miguu, na maji yatapwa saa nne.